Filta ya mafuta ya gari: ibadilishwe lini, na wapi? Maswali ninayoulizwa kila siku

Mimi ni fundi, niko Kariobangi Light Industries hapa Nairobi, na wiki haipiti bila mtu kuniuliza juu ya filta ya mafuta, yaani ya petroli ama dizeli, si ile ya oili ya injini. Kuna wale wanakuja wakiwa wameambiwa na fundi mwingine ibadilishwe na hawajui ni ya nini, na kuna wale wameendesha pikapu ya dizeli miaka mitatu bila kuiguza hata siku moja. Nimeandika haya majibu ndio ukienda gereji, iwe yangu ama ya mtu mwingine, uende ukijua unaulizia nini. Kitu kimoja nakuambia mapema: kabla hujauliza "lini", uliza kwanza "iko wapi". Pahali filta imekaa kwa gari yako ndio inaamua karibu kila kitu kingine.

Kwani hiyo filta inafanya kazi gani?

Mafuta yakitoka kwa tangi yanabeba vumbi, kutu, uchafu wa jerikeni na saa zingine maji. Injekta, vile vidude vinavyopuliza mafuta ndani ya injini, zina matundu madogo sana, huwezi kuyaona vizuri bila kioo cha kukuza, kwa hivyo ile filta inashika takataka kabla hazijafika huko. Gari nyingi za petroli zinasukuma mafuta kwa presha ya kama bar 3. Dizeli za kisasa zile za komoni reli, yaani paipu moja ya presha kubwa inalisha injekta zote, ni mambo mengine kabisa, hapo presha inaweza kupita bar 1,600, na chembe ya mchanga ikipita kwa presha kama hiyo inakwaruza chuma kama msasa. Ndio maana mwenye dizeli na mwenye petroli siwapi jibu moja.

Nitajuaje yangu iko wapi?

Hapa nikae kidogo kwa sababu ndio mwanzo wa yote.

Toyota za petroli za zamani, kama zile Corolla 100 na 110, filta iko chini ya boneti, kakopo kadogo ka chuma kwa mstari wa mafuta. Subaru Forester ya zamani ile SG5 pia utaipata chini ya boneti. Hizi ukifungua boneti na tochi unaiona, na fundi anaibadilisha kwa muda mfupi.

Toyota za petroli zilizokuja baadaye, Vitz, Axio, Fielder, Premio za juzi juzi, filta imeingia ndani ya tangi, imeshikana na pampu. Kwa nyingi unaondoa siti ya nyuma, chini yake kuna kifuniko, ukikitoa unaona waya na paipu za pampu. Forester nazo kuanzia ile SH filta ikahamia tangini. Ndani ya tangi pia kuna chujio ingine chini kabisa mwa pampu, ya kitambaa kama soksi, hiyo ndio inashika uchafu mkubwa.

Kuna gari zingine kama Golf ambazo filta iko nje lakini chini ya gari, karibu na tangi. Hizo ukae macho, maana filta ya Golf huwa na kidhibiti presha ndani yake, kuna ya bar 4 na kuna ya bar 6.6, na ukiziweka kwa meza zinafanana karibu kabisa. Ukiwekewa isiyo yako gari itakusumbua na utatafuta shida mpaka uchoke.

Dizeli kama Hilux na Prado, fungua boneti, utaona filta kubwa yenye kidude cha kufinya na mkono hapo juu, hicho ni cha kusukuma mafuta baada ya kubadilisha. Lori nyingi filta iko pembeni mwa chasisi.

Sasa ni baada ya kilomita ngapi?

Kitabu cha gari yako kikiwepo, kifuate, na kama kimeandikwa Kijapani piga picha uitafsiri na simu, inawezekana siku hizi.

Bila kitabu, mimi nafanya hivi. Dizeli nabadilisha kila kilomita 20,000, na kama gari inashinda kwa barabara za vumbi ama inajaziwa kwa jerikeni, nashuka mpaka 10,000 hadi 15,000. Najua kuna kampuni zinaandika 40,000, na kwa mafuta safi sina ubishi, lakini bei ya filta na bei ya injekta nne za komoni reli hazikaribiani hata kidogo, na mimi nimeona mtu akiuza gari kwa sababu ya injekta.

Petroli yenye filta chini ya boneti, kati ya 40,000 na 60,000, na kama umenunua gari kwa mtu na hujui ilibadilishwa lini, badilisha tu, haifiki hata nusu ya pesa ya kujaza tangi.

Petroli yenye filta ndani ya tangi, hapa ndio watu wanakulwa pesa. Watengenezaji wengi hawajaiweka kwa ratiba ya servisi, imetengenezwa ikae miaka mingi sana. Mtu akikuambia Vitz yako ibadilishwe filta ya mafuta kila servisi, muulize ameona nini. Kutoa pampu kila mara ni kuchokoza oringi (ule mpira wa duara wa kuziba), plastiki na plagi za waya ambazo zilikuwa zimetulia. Mimi naiguza kukiwa na sababu: presha imeshuka, ama tangi limeingia uchafu au maji, ama pampu yenyewe inabadilishwa na tayari tumefungua.

Dalili za filta kuziba ni gani?

Gari inakosa nguvu pale inahitaji mafuta mengi. Ukiwa Jogoo Road kwa jam hutaona kitu, inaenda tu vizuri, lakini ukiingia Thika Road ukanyage mafuta inajivuta, ama ukipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Rironi ukiwa na abiria wanne inaanza kukohoa na kuzima zima, halafu ukisimama dakika chache inawaka tena kama hakuna kitu kimefanyika. Asubuhi unapiga stata mara mbili tatu kabla iwake. Na saa zingine pampu inalia ngiii kutoka nyuma kwa sababu inasukuma na hakupitiki.

Lakini sikiliza, hizo dalili zote zinaweza kutoka kwa vitu vingine: plagi, koili inayopeleka moto kwa plagi, eya klina chafu, sensa ya hewa, pampu iliyochoka, hata silensa iliyoziba. Na pia kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na Limuru inapita 2,000, hewa huku ni nyepesi, kwa hivyo gari ndogo isiyo na tabo itapanda polepole kuliko ilivyokuwa Mombasa na hiyo si ugonjwa.

Mwalimu mmoja alinijia na Premio. Akaniambia, "Fundi, nimeambiwa ni filta ya mafuta, wewe fungua tu ubadilishe nirudi kazini." Nikamwambia, "Mwalimu, nipe dakika ishirini kwanza." Nikafunga geji ya presha kwa paipu, tukawasha, sindano ikakaa kwa bar 3 na kidogo, nikamwambia akanyage, ikabaki hapo hapo haitetemeki. Nikatoa koili moja moja, ya tatu ilikuwa na ufa mwembamba kama uzi na alama nyeusi pale moto ulikuwa unaruka. Tuliweka koili, akaenda. Angefunguliwa tangi siku hiyo angelipa na gari ingeendelea kumisi.

Kwa hivyo swali la kumuuliza fundi ni moja: umepima presha? Kama hana geji basi angalau awe na mashine ya kusoma kodi, zile namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huweka. P0087 inasema presha ya mafuta iko chini. P0171 inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, inaweza kuwa filta lakini pia inaweza kuwa paipu ya hewa imepasuka, kwa hivyo hiyo peke yake usiitumie kufungua tangi.

Taa ya njano imewaka kwa dashibodi ya dizeli, kama filta yenye matone. Nifanye nini?

Hiyo inakuambia kuna maji kwa filta na usiendelee na safari ukisema utaiona wikendi. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanashuka chini ya filta, na yakijaa yanaanza kupita kwenda kwa pampu ya presha ambayo inalainishwa na hiyo hiyo dizeli. Maji hayalainishi kitu.

Zima injini. Chini ya filta kuna kibomba cha kufungua na mkono. Chukua chupa ya soda ya plastiki isiyo na rangi, iweke hapo chini, legeza kibomba, halafu finya kile kidude cha juu polepole. Kitu cha kwanza kutoka kitakuwa kama maji ya kuoshea mchele, na saa zingine kina vijiti vya kutu. Endelea kufinya mpaka itoke dizeli safi, funga, kisha acha chupa itulie kwa sakafu kama dakika tano. Utaona mstari wazi kabisa, maji chini, dizeli juu. Mimi huonyesha mwenye gari hiyo chupa kwa sababu maneno yangu peke yake hayatoshi. Kama maji ni kidogo sana na taa imezima, endelea lakini uichunge. Kama ni robo chupa ama taa inarudi, hiyo si ya filta tena, tangi lioshwe na filta ibadilishwe.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 nilimwaga maji kwa filta nyingi kuliko mwaka wowote mwingine. Gari kama ililala kwa maji, usiiwashe ndio uone, ivute mpaka gereji.

Nikiwekewa mafuta yamechanganywa na mafuta taa, filta itayashika?

Hapana, na hili nataka lieleweke. Filta inashika vitu vigumu, na ya dizeli inatenga maji pia. Mafuta taa ni mafuta, yanayeyukia kwa dizeli na yanapita kwa filta kama kawaida, halafu yanaenda kumaliza pampu kwa sababu hayalainishi kama dizeli. Ndio sababu moja serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018, ndio bei ikaribie ya dizeli na mtu asipate faida kwa kuchanganya. EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia mafuta, pia hupima mafuta ya vituo kwa kuangalia alama ya kemikali. Wewe kinga yako ni kujaza kituo unachokiamini na kuweka risiti, maana bila risiti huna pa kulalamikia.

Na ile ya jerikeni kando ya barabara kuu kwa bei ya chini, tafadhali achana nayo.

Ni kweli kuendesha na taa ya rizavu kunavuta uchafu wa chini?

Nusu nusu. Pampu huvuta kutoka chini ya tangi siku zote, hata likiwa limejaa, kwa hivyo si eti uchafu ulikuwa unangoja rizavu. Ubaya ni kwamba pampu iliyo tangini inapozwa na mafuta yaliyoizunguka, ikikaa ikianikwa kila siku inachoka haraka. Robo tangi usishuke.

Naweza kuipuliza na upepo wa kompresa niirudishe?

Usifanye. Ile karatasi ya ndani inapasuka na huoni, na hapo sasa uchafu unapita wote kwenda injekta. Niliwahi kukata na msumeno filta moja ya Hiace iliyokuwa imepulizwa: nje inang'aa, ndani karatasi imefunguka kwa mkunjo kama mdomo.

Fundi anasema akate paipu aweke ile filta ndogo ya plastiki, ni bei rahisi.

Ile ya plastiki unayoona ndani yake ni ya gari za kabureta na pikipiki, presha yake ni ndogo. Kwa gari ya injekta, presha ni bar 3, iko karibu na injini yenye moto, imeshikwa na klipu mbili. Ikifyatuka petroli inamwagika kwa eksozi. Kataa, hata kama ni jirani yako na unamheshimu.

Nibadilishie wapi hapa Nairobi?

Inategemea tena iko wapi kwa gari.

Kama iko chini ya boneti na ni petroli, fundi wa mtaani unayemjua anatosha, bora awe na spana ya paipu ile inayoshika nati pande zote, kwa sababu spana ya kawaida inasaga nati na baadaye paipu nzima inakatwa. Asifanyie kazi pale jirani anachomelea. Hapa Kariobangi tuko karibu karibu sana, mimi huwa naenda kumwomba wa kuchomelea asimame kwanza, na hajawahi kukataa.

Kama iko ndani ya tangi, tafuta mtu aliyeifanya kwa gari kama yako, na uende tangi likiwa robo ama chini. Awe na pahali pa wazi penye hewa, si basement ya apatimenti.

Kama ni dizeli ya komoni reli, nenda kwa fundi wa dizeli. Kuna wengi wazuri Industrial Area wenye benchi za kupimia injekta, na wanajua usafi. Hata kitambaa anachopangusia kiwe hakitoi nyuzi. Kuna mafundi wanajaza filta mpya na dizeli kutoka kopo lililo wazi kabla ya kuifunga, hiyo dizeli haijachujwa na kwa komoni reli inaenda moja kwa moja kwa pampu. Ifungwe kavu, halafu ijazwe kwa kufinya kile kidude mpaka kiwe kigumu.

Ajenti wa gari yako ni ghali lakini kama gari iko kwa waranti usiipeleke kwingine.

Kununua spea yenyewe, wengi tunaenda Kirinyaga Road, ambayo bado tunaiita Grogan. Usiende na jina la gari tu. "Naomba filta ya Hilux" haitoshi, Hilux ni nyingi. Beba namba ya chasisi na picha ya ile ya zamani.

Nitajuaje si feki?

Kwa Toyota angalia namba: filta nyingi za mafuta za petroli huanza na 23300, nyingi za dizeli 23390, halafu namba zinazofuata zilingane na za gari yako. Shika mkononi mpya na ya zamani, feki nyingi ni nyepesi. Angalia ndani ya shimo na tochi, mikunjo ya karatasi iwe imepangika na imejaa, na gundi isiwe imemwagika. Angalia mpira wa oringi, ukiukunja urudi. Boksi si ushahidi, boksi linachapishwa tu. Na kama bei ni theluthi ya bei ya maduka mengine matatu uliyopiga simu, jibu unalo.

Filta ya kampuni nzuri isiyo na jina la gari yako si feki, usichanganye hayo mawili. Natumia hizo mara nyingi.

Naweza kujibadilishia mwenyewe?

Ya chini ya boneti ndio, ukiwa na subira. Injini iwe imepoa. Toa fyuzi ama rilei ya pampu, washa gari iachwe ijizimie yenyewe, hapo presha imeisha. Toa waya ya negativu kwa betri. Weka kitambaa chini kwa sababu kidogo kitamwagika tu. Angalia mshale kwa filta, unaelekea injini. Weka washa mpya za kopa, zile ringi bapa za kuziba kwenye viungo, zile za zamani zimeshakandamizwa. Ukimaliza rudisha fyuzi na betri, fungua swichi bila kupiga stata mara tatu nne ndio pampu ijaze, halafu kabla ya kuwasha pitisha kidole na tochi kwa kila kiungo. Hata tone moja, funga upya.

Ya ndani ya tangi, nakuomba umwachie mtu mwenye uzoefu. Nikiwa bado najifunza kazi kwa gereji moja ya mtu, nilirudisha pampu ya Fielder jioni tukiwa na haraka na oringi ikajikunja pembeni, sikuiona. Siku ya pili mama mwenye gari alirudi na watoto wawili, nguo zao za shule zinanuka petroli, mdogo amelala na kichwa kinamuuma. Alikuwa amewabeba hivyo kutoka Kasarani. Hakunipigia kelele, aliniuliza tu, "Kijana, hii ingeshika moto?" Ndio, ingeshika. Tangu siku hiyo kila oringi ya tangi naweka mpya, naipaka mafuta kidogo, na mwenye gari anakuja kunusa mwenyewe kabla siti irudi.

Gari imetoka Japani juzi, nibadilishe?

Gari tunazoagiza haziruhusiwi kupita miaka minane, kwa hivyo nyingi bado ziko sawa upande huo. Petroli ya ndani ya tangi iache. Dizeli badilisha mara moja pamoja na oili, hujui ilikaa muda gani bila kuendeshwa, na tangi lililokaa nusu tupu linatengeneza maji ndani.

Filta imebadilishwa na gari bado haivuti, nimwambie fundi nini?

Mwambie akupe ile ya zamani. Ni yako, umeilipia. Ikate katikati na msumeno, ifungue karatasi juu ya gazeti kwa mwanga wa jua. Kama karatasi ni nyeusi tititi ama ina matope mekundu, basi ilikuwa imeziba kweli na sasa mtafute uchafu ulitoka wapi, tangi lishushwe na ile soksi ya pampu iangaliwe. Kama karatasi ni rangi ya chai ya maziwa na mikunjo imesimama vizuri, filta haikuwa na makosa, rudini kwa geji ya presha muanze hapo.